Karatasi ine za Koko: historia ya foto zetu za Noeli, toka gundi ya muhogo mpaka telefone



Mimi ni mtu wa agronomi, si mtu wa historia. Lakini leo naandika historia, juu ya jambo moja lililotupata mu familia siku ya Noeli iliyopita hapa Bunia. Na ninajua haliko la nyumba yetu peke yake.

Tulikuwa tumemaliza kula: wali, kuku, sombe, samaki ya Tchomia, na sikre kwa watoto. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 4, akaniuliza: "Koko mwanaume alikuwaka namna gani?" Alikuwa anauliza juu ya baba yangu, aliyetuacha mwaka wa 2020, mbele yeye azaliwe.

Nikamwambia: ngoja nikuonyeshe. Nikatoa telefone. Kisha nikakumbuka.

Noeli ya 2019, ya mwisho na baba, nilipiga foto zaidi ya 60. Niliziweka ku statu ya WhatsApp, watu wakatuma mioyo mingi, kisha masaa 24 zikapotea, maana statu iko hivyo. Zingine zilibaki mu telefone. Mwaka wa 2021 telefone ile ilianguka toka mfuko wangu nikiwa ku moto, na mimi sikusikia. Tulirudia njia yote na motari, hatukuiona tena. Kopi sikuwa nayo. Dada yangu alikuwa amefuta zake ili kupata nafasi mu telefone. Kaka mdogo alikuwa na video moja, lakini ndani yake baba haonekani, tunasikia kikohozi chake tu.

Mtoto alikuwa angali anangoja. Hapo Koko, mama wa baba yangu, akasimama polepole, akaingia mu chumba chake, akarudi na sashe nyeusi. Ndani mulikuwa karatasi ine za kaye ya shule. Ku moja ya zile karatasi baba yangu iko, amesimama mbele, bila viatu, na miaka 7.

Kwa hiyo hali yangu ilikuwa hivi: nina uso wa baba yangu wa miaka 7, na sina uso wake wa miaka 51. Karatasi iliyobandikwa na gundi ya unga wa muhogo imepita miaka 50 na vita. Foto 60 za telefone ya bei hazikupita miaka 2, na hakukuwa hata risasi moja. Namna gani?

1. Foto za kwanza hazikuwa zetu

Tuanzie mbali kidogo. Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na mwenzake James Chapin walitembea kaskazini-mashariki ya Kongo kwa ajili ya jumba la makumbusho la historia ya asili la New York. Walipita mu pori letu, mpaka Avakubi ku mto Ituri. Lang alirudi na foto karibu 10,000. Fikiri hesabu ile: foto 10,000 za mito, nyumba, wachongaji na wafalme, wakati wazee wetu wenyewe hawakuwa na hata moja mu nyumba. Zinatunzwa New York mpaka leo.

Mimi sisemi hayo ili kulia. Nasema ili tuone kitu kimoja: foto inaishi muda mrefu pahali palipo mtu mwenye kazi ya kuitunza. Kule kuna namba, kabati na mtu wa kulipwa. Kwetu mtu wa kazi ile alikuwa Koko, na hakuna aliyemlipa.

Desturi yenyewe ya kubandika kumbukumbu mu kaye ilizaliwa kwingine pia. Karti ya kwanza ya Noeli ya kuuzwa ilichapwa London mwaka wa 1843, juu Henry Cole alikuwa na barua nyingi za kujibu na hakuwa na wakati. Miaka 30 kisha, mwaka wa 1873, mwandishi Mark Twain wa Marekani alipata haki ya serikali juu ya buku lenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi: unatia maji, unabandika, basi. Tangu kule wamisionari, wafanyakazi wa kampuni na masista waliitembeza desturi hii dunia nzima. Ilipofika kwa Koko, buku la gundi halikuwa. Kulikuwa kaye ya shule, na kulikuwa unga wa muhogo uliopikwa na maji mpaka unavutika. Alibandika ndani foto, karti ya Noeli iliyotoka kwa sista mmoja, karatasi ya ubatizo, mwaliko wa ndoa, hata kipande cha kitambaa cha nguo ya mtoto wake wa kwanza. Na chini ya kila kitu aliandika kwa biki: nani, wapi, lini.

2. Tusome karatasi moja

Mulio mu fakilte munajua, tunafundishwaka kusoma shamba mbele ya kuuliza mwenye shamba. Basi nilisoma ile foto kama shamba.

Chini imeandikwa 25-12-1975. Watu ni 11. Wanaume wawili wamevaa abakosti, shingo wazi, hakuna krawati. Hapo peke yake unajua ni wakati gani: krawati ilikatazwa mu miaka ya Zaire, na ilirudi kisha hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990. Kama unapata mu nyumba yenu foto bila tarehe, angalia shingo ya babu, itakusaidia.

Majina yaliyoandikwa ni ya wazee tu. Majina ya ubatizo hayako, sababu tangu 1972 serikali iliyakataza. Lakini pembeni, kwa wino wa rangi ingine, Koko aliyaongeza moja moja. Nilimuuliza lini. Akajibu: "Wakati waliturudishia."

Nyuma ya watu, mahindi imekwisha kuvunwa, mabua yamekauka, nyasi imeanza kugeuka rangi. Hiyo ni Bunia ya Desemba kabisa, mvua imekatika. Na vivuli ni virefu kuliko watu wenyewe. Huku kwetu karibu na ikweta, vivuli vile vinataka kusema jua lilikuwa karibu kushuka, kama saa kumi na moja ya mangaribi.

Hapo nilishangaa. Siku ya Noeli, kwa nini kungoja mpaka mangaribi? Nikatafuta: tarehe 25 Desemba 1975 ilikuwa siku ya ine. Na mwaka mmoja mbele, 1974, Mobutu alikuwa ametoa Noeli mu siku za mapumziko ya inchi. Kwa sheria ilikuwa siku ya kazi kama zingine. Nikamuuliza Koko. Akacheka: "Mume wangu alikuwa karani. Alienda kazi asubui. Tulimungoja na chakula ndani ya sufuria. Mupiga foto naye tulimufanya angoje. Alikuwa na hasira, tukamupa nyama."

Wapenzi, hilo ndilo jambo ninataka tuone. Buku la historia linakuambia: 1974, Noeli ilitolewa. Ni kweli. Lakini karatasi ya Koko inakuambia watu walifanya nini kisha sheria: walienda kazini, walirudi, walikula wali baridi, walipiga foto jua likishuka. Hakuna buku la serikali lililoandika hayo. Kama Koko hangeandika tarehe, hata mimi ningesema ni foto ya watu walioshiba, basi.

Tena kuna kitu kingine. Mu wale watu 11, watano tu ni wa nyumba yetu. Sita ni majirani wa parseli ya pili, wa kabila ingine. Sitaandika ni kabila gani, sababu munajua yaliyotokea Ituri kisha, na sitaki mtu asome maandishi haya akihesabu upande. Naandika tu kwamba siku ile walikula mu sahani moja, na majina yao yote 6 yako pale chini, hata la mtoto wa mgongo.

3. Mwezi wa tano 2003

Nilikuwa na miaka 6, nakumbuka kidogo: mbio, vumbi, na mgongo wa mama. Vita ya Ituri ilikuwa imeanza tangu 1999. Tarehe 6 Mei 2003 askari wa mwisho wa Uganda walitoka Bunia, na makundi yakaanza kupigania muji. Watu wengine walikimbilia karibu na uwanja wa ndege na kambi ya MONUC. Wengine, kama sisi, walishika njia ya Komanda kwa miguu, kuelekea Beni. Tarehe 30 Mei baraza la usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1484, na mu mwezi wa sita jeshi la Ulaya, lenye Wafaransa mbele, lilifika na kazi iliyoitwa Artemis mpaka tarehe 1 Septemba.

Hayo munayasoma popote. Haisemwaki sana juu ya vitu vidogo. Kaye ya Koko ilikuwa na karatasi karibu 40. Siku ile hakuweza kuibeba yote: kichwani sufuria na unga, mgongoni mtoto wa shangazi. Akapasua karatasi ine, akazitia mu sashe, akaifunga ndani ya kikwembe ku kiuno. Zingine zilibaki mu nyumba, na tuliporudi nyumba ilikuwa kuta tu. Hata mlango walibeba.

Nilimuuliza Noeli hii: Koko, kwa nini zile ine? Nilifikiri atasema foto nzuri zaidi. Alisema: "Nilichagua zenye kuwa na majina mengi."

4. Na sisi wa telefone

Sasa sikia jambo linalonifurahisha kila mara nalifikiri. Desemba ile ile ya 1975, wakati Koko alikuwa anangoja bwana wake atoke kazini, kijana mmoja wa kampuni ya Kodak huko Marekani, Steven Sasson, alijaribu mashini ya kwanza ya kupiga foto bila filme. Ilichukua sekunde 23 kuandika foto moja ku kaseti, na foto yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, ya nukta 10,000 tu. Kodak walikuwa matajiri wa filme, hawakuikimbilia. Januari 2012 Kodak ikaomba ulinzi wa muflisi.

Kwetu mambo yalibadilika wakati telefone zilifika, Celtel tangu mwisho wa 2000, Vodacom 2002, kisha telefone za kuchukua foto, kisha WhatsApp. Leo siku ya Noeli Bunia yote ni studio. Ku Boulevard de Libération, mbele ya kanisa, ku mlango wa kusuka nywele, kila mtu anajipiga. Zamani filme ilikuwa na foto 36, na mtu alihesabu. Leo tunapiga 36 mbele chakula kiive.

Wingi si ubaya. Ubaya ni kwamba tulipata mashini ya kupiga na hatukupata kazi ya Koko. Statu ile tunayoipenda ilianza Februari 2017, na iliundwa makusudi ipotee kisha masaa 24. WhatsApp inapunguza foto ili ipite haraka, ndiyo maana foto iliyopitia kwa watu watano inakuwa kama uji. Pahali pa Google palipotunza foto bure bila mpaka, bure ile iliisha tarehe 1 Juni 2021. Tena intaneti yetu munaijua, na umeme munaujua.

Lakini kosa kubwa ni lingine, na hapo narudi ku kazi yangu. Yangambi, upande wa Kisangani, kuna nyumba ya mimea iliyokaushwa, iliyoanzishwa na INEAC, ile iliyokuwa na stasioni hata Nioka kwetu huku. Mule muko sampuli zaidi ya 100,000. Jani lililokatwa wakati wa ukoloni, leo mtafiti analisoma bado. Si juu jani ni zuri, limekuwa kahawia kama tumbako. Ni juu pembeni iko etikete: jina, pahali, tarehe, na nani alilivuna. Ondoa etikete, utabaki na majani makavu ya kuwashia moto. Hata udongo, ukiuleta mu laboratwari bila kuandika ulitoka shamba gani na urefu gani, profesa atakuambia uumwage inje.

Foto zetu za telefone ni sampuli bila etikete. Zinaitwa IMG na namba. Mtoto akiuliza kisha miaka 30 "huyu ni nani?", namba haitajibu.

5. Etikete ilivyotusaidia

Munakumbuka wale majirani sita. Noeli jioni, kisha watoto kulala, tulikaa na ile karatasi. Kwa kuwa majina yaliandikwa, tukaanza kuuliza: huyu aliendaka wapi? Huyu alikufa. Huyu alikuwa Mahagi. Na ule mtoto wa mgongo? Koko akasema yeye iko Kampala, ana watoto wakubwa, na kila Bonane alikuwaka anapita kumusalimia baba yako.

Tulipata namba yake kwa njia ya watu watatu. Siku mbili kisha, akatutumia foto. Bonane ya 2020, mu kiwanja chetu. Yeye ndiye iko mbele, anacheka. Nyuma yake, upande wa kuume, baba yangu ameshika sahani, anaangalia pembeni, na kidole cha mpiga foto kimefunika sikio lake. Si foto nzuri. Ni foto ya mwisho ya baba yangu, na ilikuwa mu telefone ya mtu mwingine, wa kabila ingine, ku inchi ingine, na tuliipata sababu mwaka wa 1975 mwanamke mmoja aliandika jina la mtoto wa jirani.

Mtoto wa dada yangu aliiangalia sana. Akasema: "Anafanana na wewe ku masikio." Sikio lenyewe linaonekana moja tu.

6. Tulichofanya ku Bonane

Tulianza kaye ya nyumba, nusu ya telefone, nusu ya karatasi. Kila mtu alichagua foto 3 tu za Noeli. Si za kujipamba peke yake: moja ya jikoni, moja ya kibidoni mu mstari wa maji, moja ya dada akisukwa nywele, moja ya karatasi ya soko na bei ya mchele na mafuta. Bei ile itakuwa historia mbele yenu kufikiri. Jina la foto tukalibadilisha: tarehe, pahali, majina ya watu kutoka kushoto kwenda kuume. Koko tukamushika sauti dakika 10, akieleza zile karatasi ine moja moja. Yote tukaiweka pahali patatu: telefone, flashi moja inayobaki kwa shangazi mu kartye ingine, na foto 12 tulizoenda kutolewa ku karatasi ku sekretaria. Foto tatu za kila mwaka zinatosha. Ndizo mtu anaweza kufunga ku kiuno.

Neno moja la akili: si kila foto ni ya kuonyesha watu wote. Tuko mu muji wenye mambo. Kutunza na kuweka ku statu si kitu kimoja.

Na neno la mwisho, ndilo lililonifanya niandike. Tangu Desemba 2017 watu wengi wa Djugu wamekimbilia Bunia, na kati yao muko wenzetu tuliosoma nao. Wengi walitoka na nguo ya mwili. Albamu, karatasi za shule, foto ya mama, vyote vilibaki. Mukiwa na foto za zamani za shule, za ndoa, za praktike mu vijiji, zifungue. Angalia nyuma ya watu, si mbele tu. Inawezekana wewe unabeba mu telefone uso wa baba ya mtu mwingine, na yeye hajui. Itoe ku karatasi, andika jina, mupelekee mbele Bonane ipite.

Koko nilimusomea maandishi haya jana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama niliandika tarehe. Nilikuwa nimesahau.

Bunia, Desemba. Na wewe, foto ya zamani zaidi mu nyumba yenu ni ya mwaka gani, na nani ameandikwa chini?